Kuchapa majina kwenye vyeti vilivyokwisha kuchapwa: mwongozo kamili kwa kutumia Scribus

Vyeti vimetoka kwa mchapaji vikiwa na pambo la dhahabu pembeni, nembo, sahihi ya mkuu wa chuo na mstari wa nukta. Wewe umebakiziwa kazi moja tu: kuweka jina juu ya zile nukta. Unachapa, jina linakatwa katikati na mstari. Unalipandisha, linakaa vizuri ila limekimbilia kushoto. Unalisogeza kulia, sasa tarehe ndiyo imeharibika. Ukija kushtuka, vyeti kumi na vinne viko kwenye ndoo ya taka na mahafali ni kesho saa tatu asubuhi.

Hivyo kumi na vinne vilikuwa vyangu, miaka ya mwanzo nikiwa kijana wa steshenari. Leo hili ndilo jambo ninaloulizwa kuliko mengine yote, na wanaoniuliza si wageni wa kompyuta. Kinachowaponza ni kukimbilia kusogeza maandishi kabla ya kujua kwa nini hayakukaa mahali pake.

Maandishi hukosa mahali pake kwa sababu tatu, na dawa zake hazifanani. Ama ukurasa umepunguzwa ukubwa, ama ukurasa mzima umesogea upande mmoja, ama karatasi yenyewe inayumba ikipita kwenye printa. Ukizichanganya utahangaika mpaka adhana ya alfajiri. Ukizishughulikia moja baada ya nyingine, kwa mpangilio huo huo, vyeti 120 vinaisha kwa mchana mmoja.

Nitatumia mfano wa cheti cha A4 kilicholala chenye sehemu tatu za kujaza: jina, kozi na tarehe. Programu ni Scribus, ya kupangia kurasa. Ni ya bure, inapima kwa milimita, na ina matabaka (layers) unayoweza kuyaona kwenye skrini bila kuchapwa. Mwenye Publisher au CorelDRAW asiondoke, kwa sababu vipimo na majaribio ni yale yale, vinavyobadilika ni vitufe tu. Ila mtu wa Publisher ajue kwamba Microsoft imetangaza kuiondolea huduma Oktoba 2026, kwa hiyo kujifunza nyingine si kupoteza muda.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha kompyuta

- Rula ya chuma ya sentimita 30. Ya plastiki iliyokaa juani hujikunja, na nyingine zina kipande kitupu kabla ya sifuri. Hakikisha unajua sifuri yako inaanzia wapi.
- Penseli iliyochongwa, pamoja na ufutio.
- Karatasi 20 za kawaida za A4, zile za gramu 80.
- Vyeti vya ziada. Mwambie mteja amwombe mchapaji vile vilivyotoka na kasoro, kama wino hafifu au doa. Mchapaji huvitupa, kwako wewe ni mali. Ukipata vitano vinatosha.
- Skana yoyote, hata ile iliyo juu ya printa ya ofisini.
- Orodha ya majina ikiwa kwenye Excel au LibreOffice Calc, na iwe imeshathibitishwa na mteja kwa maandishi. Usianze kazi kwa orodha iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa picha ya simu.
- Printa ile ile utakayoitumia siku ya kazi. Majaribio ya printa moja hayana maana kwenye nyingine, hata kama ni za aina moja.

## Hatua ya 1: Ihoji karatasi

Kabla ya vipimo, jua kama karatasi hiyo inapitika kwenye printa yako. Wengi huanza na mpangilio mzuri wa herufi, kisha wanagundua mwishoni kwamba wino haushiki.

Printa ya leza huyeyusha tona, yaani wino wake wa unga, kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za selisiasi. Pambo la dhahabu lililobandikwa kwa moto, au wino ule ulioinuka unaosikika ukipitisha kidole, unaweza kuyeyuka humo ndani na kuganda kwenye rola. Hapo si cheti pekee unachoharibu; unaharibu na printa, na kila karatasi itakayofuata itatoka na alama za dhahabu. Kwa vyeti vya namna hiyo tumia printa ya wino wa maji.

Printa ya wino wa maji nayo ina adui wake: karatasi inayong'aa. Wino unakaa juu bila kunywewa. Chukua cheti kimoja chenye kasoro, chapa neno lolote, subiri dakika kumi, kisha pitisha kidole. Ukichafuka, rudi kwenye leza kama dhahabu inaruhusu. Kwenye leza jaribu kwa ukucha: kwaruza herufi taratibu uone kama zinabanduka.

Angalia pia uzito. Vyeti vingi ni vya gramu 200 kwenda juu, na printa nyingi ndogo za mezani hazikuundwa kwa uzito huo. Kikomo cha yako kimeandikwa kwenye kitabu chake. Ikiwa inamudu, fungua mlango wa nyuma ili karatasi ipite moja kwa moja bila kukunjwa, na kwenye mipangilio ya printa chagua aina ya karatasi nzito. Ukiiacha kwenye karatasi ya kawaida, leza hupitisha haraka mno na tona haiivi.

Umefaulu ukiona: herufi hazibanduki kwa ukucha wala hazichafui kidole, na dhahabu imebaki kama ilivyokuwa.

## Hatua ya 2: Pima karatasi, usipime faili

Wateja wengine huleta faili la PDF la mchapaji na kusema vipimo vyote vimo humo. Vilikuwamo, kabla ya mashine ya kukatia. Baada ya kuchapwa, karatasi hukatwa kwa mkupuo, na kisu kikisogea milimita mbili, kila kitu kwenye cheti kimesogea milimita mbili kutoka ukingoni. Unachopima ni kile kilicho mkononi mwako.

Weka cheti mezani, uso juu, kama kinavyosomwa. Vipimo vyote vianzie ukingo wa kushoto na ukingo wa juu. Usipime kutoka kwenye pambo, kwa sababu printa haijui kuna pambo, inajua ukingo tu.

Kwa kila mstari wa nukta andika namba tatu: nukta zinaanzia wapi kutoka kushoto, zinaishia wapi, na ziko umbali gani kutoka juu. Kwa mfano wangu mstari wa jina unaanza milimita 68, unaishia 229, na uko milimita 98 kutoka juu.

Sasa toa vyeti vitano kutoka sehemu mbalimbali za furushi, kimoja juu, kimoja chini, vitatu katikati, na upime mstari wa jina kwenye vyote. Vikitofautiana kwa chini ya milimita moja, shukuru na uendelee. Vikitofautiana kwa milimita mbili au zaidi, furushi hilo lilikatwa kwa mikupuo tofauti. Ligawe katika mafungu yanayofanana, na kila fungu litakuwa na marekebisho yake huko mbele.

Usipime kwenye fotokopi. Mashine za kunakili hukuza au kupunguza kidogo na hazikuambii.

Umefaulu ukiona: una karatasi moja yenye namba zote tatu kwa kila mstari, na unajua furushi lako ni la namna moja au mbili.

## Hatua ya 3: Tengeneza ukurasa wenye matabaka mawili

Skani cheti kimoja kwa dpi 300 (vidoa 300 kwa kila inchi), kikiwa kimenyooka kwenye kona ya kioo. Picha ya A4 kamili kwa kipimo hicho huwa na pikseli 3508 kwa 2480 hivi. Ikiwa yako imepungua sana, skana imekata kingo. Rudia.

Fungua Scribus, anzisha hati mpya ya A4 iliyolala, na kipimo kiwe milimita. Fungua dirisha la matabaka kwa kubonyeza F6. Tengeneza matabaka mawili: la chini liite PICHA, la juu liite MAANDISHI.

Kwenye tabaka la PICHA chora fremu ya picha, bonyeza F2 kufungua dirisha la vipimo, kisha andika X 0 (umbali kutoka kushoto), Y 0 (umbali kutoka juu), upana 297 na kimo 210. Ingiza ile picha uliyoskani na uiambie ijae fremu bila kuvuruga uwiano wake. Kisha fanya mambo mawili kwenye dirisha la matabaka: ondoa alama iliyo chini ya kijipicha cha printa, ili tabaka hili lionekane bila kuchapwa, na weka alama chini ya kufuli, ili usilisogeze kwa bahati mbaya.

Wapo wanaoruka kufuli. Hao ndio wanaopiga simu saa tano usiku.

Picha ni ya kukuongoza macho tu. Skana nazo zina uongo wake, kwa hiyo kipimo cha rula kikipingana na picha, rula ndiyo inayosema kweli. Nenda kwenye menyu ya Page, chagua "Manage Guides", na uweke mstari elekezi wa mlalo kwenye 98 na miwili ya wima kwenye 68 na 229. Iangalie: inapaswa kulala juu ya nukta za kwenye picha, au karibu sana nazo.

Umefaulu ukiona: unaona cheti kizima kwenye skrini, lakini ukitoa PDF unapata ukurasa mweupe.

## Hatua ya 4: Weka fremu za maandishi

Hakikisha uko kwenye tabaka la MAANDISHI. Chora fremu ya maandishi inayoanza X 68 yenye upana wa 161, yaani 229 toa 68. Weka maandishi katikati. Kwa njia hii jina fupi na jina refu yote yatakaa katikati ya nukta bila wewe kugusa chochote.

Kimo ndicho kinachosumbua. Mwandiko hauanzi pale fremu inapoanzia. Unashuka kidogo, na kiasi cha kushuka hutegemea fonti na ukubwa wake. Ukibadilisha fonti kesho, jina litapanda au kushuka lenyewe. Kuzuia hilo, kwenye mipangilio ya maandishi weka nafasi ya mistari isiyobadilika, mfano pointi 30, na kwenye "First Line Offset" chagua "Line Spacing". Kuanzia hapo mstari wa kwanza unashuka kwa kipimo hicho tu, hata fonti ikibadilika.

Andika jina la majaribio lenye herufi zenye mikia, kama Mgaya au Njogopa. Shusha au pandisha fremu mpaka miguu ya herufi isimame milimita moja juu ya mstari elekezi. Mikia ya g, j, p na y itavuka nukta. Iache ivuke, ndivyo mwandiko wa mkono ulivyo. Jina lililoning'inizwa milimita nne juu ya nukta ili mikia isiguse huonekana limesahauliwa hewani.

Kuhusu ukubwa wa herufi: usiuchague kwa jina la kwanza kwenye orodha. Tafuta majina marefu kuliko yote. Excel inaweza kuhesabu herufi kwa LEN, lakini hesabu pekee hudanganya, maana M na W zinakula nafasi ya i tatu. Chukua majina matatu yaliyo marefu, yajaribu yote kwenye fremu, na ukubwa utakaoyatosha ndio uwe wa kila mtu. Kwetu watu hutaka majina matatu kamili kwenye cheti, kwa hiyo mara nyingi naishia pointi 20 au 22. Mteja akitaka 28 mwonyeshe jina refu likiwa limekatika, atakubali mwenyewe.

Rudia kwa kozi. Tarehe pia iwe na fremu yake.

Umefaulu ukiona: majina matatu marefu yote yanaingia, na miguu ya herufi haipandi wala kushuka ukibadilisha fonti.

## Hatua ya 5: Karatasi moja inayosema kosa ni lipi

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu hatua zote nyingine mtu anaweza kuzikisia lakini si hii.

Hifadhi nakala ya hati yako kwa jina la "jaribio". Futa maandishi. Badala yake chora visanduku vidogo vinne vya milimita 10 kwa 10, vyenye mstari mwembamba, na kwa kila kimoja andika mahali pake kwenye dirisha la F2:

- Kisanduku A: X 50, Y 50
- Kisanduku B: X 247, Y 50
- Kisanduku C: X 50, Y 160
- Kisanduku D: X 247, Y 160

Kila kipimo kitachukuliwa kwenye kona ya juu kushoto ya kisanduku. Kutoka A hadi B ni milimita 197. Kutoka A hadi C ni 110.

Toa PDF, ifungue, na kwenye dirisha la kuchapa chagua "Actual size" au asilimia 100. Usikubali "Fit" wala "Shrink". Angalia pia ukubwa wa karatasi kwenye mipangilio ya printa, kwa sababu kompyuta nyingi zinazotoka Marekani huja zikiwa zimewekwa Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Printa ikidhani ina Letter, A4 yako itapunguzwa au itasukumwa.

Chora mshale wa penseli kwenye karatasi ya kawaida kuonyesha upande unaoingia kwanza na upande unaotazama juu. Chapa. Sasa pima.

Kosa la ukubwa. Pima A hadi B. Ukipata 197, au pungufu kwa nusu milimita, sawa. Joto la leza huikausha karatasi na kuisinyaza kidogo. Ukipata 191, ukurasa umepunguzwa hadi asilimia 97. Usiguse maandishi! Rudi kwenye dirisha la kuchapa utafute ni kisanduku gani cha kupunguza kimebaki na alama. Hakuna kusogeza kunakoweza kutibu kosa hili, maana ukilinganisha kushoto, kulia kutakuwa kumekosea.

Kosa la kusogea. Ukubwa ukiwa sawa, pima kona ya A kutoka kingo. Tuseme unapata milimita 52 kutoka kushoto na 48.5 kutoka juu. Printa yako inasukuma kulia milimita 2 na kupandisha milimita 1.5. Hakiki kwenye D: unapaswa kupata 249 na 158.5. Ikiwa visanduku vyote vinne vimesogea kwa kiasi hicho hicho, ni kusogea tupu, na dawa yake ni hesabu ya darasa la pili.

Kosa la kuinama. Pima A na B kutoka juu. Moja ikiwa 48 na nyingine 50, karatasi imeingia upande. Kaza vishikio vya trei viguse karatasi bila kuibana, gongesha rundo mezani lilingane, kisha chapa tena. Usijaribu kuzungusha maandishi kwenye programu, kwa sababu karatasi inayofuata itainama upande mwingine.

Umefaulu ukiona: unaweza kusema kwa namba, bila kukisia: "Printa hii, trei hii, inasukuma kulia 2, inapandisha 1.5."

## Hatua ya 6: Pima kuyumba, kisha sahihisha mara moja

Chapa ukurasa ule ule wa visanduku kwenye karatasi tano mfululizo. Pima kona ya A kwenye zote.

Tofauti kati ya karatasi na karatasi ndiyo kuyumba kwa printa yako. Zikicheza kati ya 51.5 na 52.5, una printa nzuri. Zikicheza milimita tatu, safisha rola za kuvutia karatasi au tumia trei nyingine. Kama hakuna nyingine, lisha kimoja kimoja kwa mkono. Hakuna mpangilio wa programu unaotuliza rola iliyochakaa.

Sasa sahihisha kwa kutumia wastani. Fungua hati ya cheti, ihifadhi kwa jina linaloitaja printa na trei, kama "cheti_leza_trei-ya-mkono". Chagua vitu vyote vya tabaka la MAANDISHI, viunganishe kwa Ctrl+G viwe kundi, kisha kwenye F2 punguza X kwa 2 na ongeza Y kwa 1.5. Kinyume cha kosa, basi.

Kwenye skrini maandishi yataonekana hayakai juu ya nukta. Usiogope na usiyarudishe. Skrini inaonyesha mahali pa kulenga, karatasi itaonyesha mahali pa kufika. Ile hati ya mwanzo ambayo kila kitu kimekaa sawa ihifadhi kama mama. Ukihamia printa nyingine unaanzia kwake, si kwenye hii iliyosukumwa.

Chapa kwenye karatasi ya kawaida, ibandike nyuma ya cheti halisi, kingo zikutane, na uinue kwenye mwanga wa dirisha. Ikikubali, chapa kwenye vyeti viwili vya kasoro. Karatasi nzito huweza kusogea tofauti kidogo na ile ya gramu 80, kwa hiyo jaribio la mwisho ni lazima liwe kwenye karatasi yenyewe.

Umefaulu ukiona: vyeti viwili vya kasoro vimetoka na jina milimita moja hivi juu ya nukta, na kushoto na kulia kumeachwa nafasi sawa.

## Hatua ya 7: Andaa orodha ya majina

Majina hufika yakiwa yameandikwa kwa herufi kubwa tupu, na kila mtu anajua fomula ya PROPER inayoyarekebisha. Jihadhari nayo. PROPER huweka herufi kubwa baada ya alama yoyote isiyo herufi, kwa hiyo Ng'wandu anakuwa Ng'Wandu, na wahitimu wa Usukumani wanakabidhiwa vyeti vyenye majina yasiyo yao. Vilevile "binti" na "bin" zinapata herufi kubwa. Baada ya PROPER, tafuta alama ya ' kwenye orodha nzima na usahihishe kwa mkono.

Ondoa nafasi mbilimbili kati ya majina kwa TRIM. Nafasi ya ziada mwishoni mwa jina hulisogeza jina lililo katikati, nawe utailaumu printa.

Hifadhi kama CSV ya UTF-8, yaani faili la maandishi matupu ambalo safu zake zimetenganishwa kwa mkato. Mstari wa kwanza uwe na vichwa vya safu, mfano JINA na KOZI. Tarehe ikiwa moja kwa wote, usiiweke kwenye orodha. Iandike moja kwa moja kwenye fremu yake. Excel ina tabia ya kuzigeuza tarehe bila kuuliza.

Kwenye Scribus andika %VAR_JINA% ndani ya fremu ya jina na %VAR_KOZI% ndani ya fremu ya kozi. Kisha tumia skripti ya bure iitwayo ScribusGenerator, inayoendeshwa kupitia menyu ya Script. Inasoma CSV na kuzalisha ukurasa kwa kila mtu. Kwenye Publisher kazi hii iko kwenye menyu ya Mailings.

Pitia PDF nzima kwa macho, ukurasa kwa ukurasa, orodha ikiwa pembeni. Kwa majina 120 ni kama dakika kumi. Mwite na mtu mwingine akusomee.

Umefaulu ukiona: idadi ya kurasa ni sawa na idadi ya majina, na hakuna jina lililokatika au kushuka mstari wa pili.

## Hatua ya 8: Chapa kwa mafungu ya kumi

Usitume kurasa 120 kwa mpigo. Tuma kumi, kagua, kisha kumi nyingine. Karatasi ikikwama kwenye ukurasa wa 37, utajua ulikuwa wapi.

Vyeti vyenye namba zilizochapwa tayari, mathalani 0451 hadi 0570, vinataka akili zaidi. Namba 0451 lazima ipate jina la kwanza kwenye daftari la chuo. Jua printa inavuta karatasi ya juu au ya chini ya rundo, kisha panga rundo ipasavyo. Na kumbuka ule mlango wa nyuma uliofunguliwa kwa ajili ya karatasi nzito: karatasi zinatoka uso juu, kwa hiyo rundo linajipanga kinyumenyume, la mwisho likiwa juu. Vyeti vyenyewe viko sahihi, ila ukivikabidhi hivyo mwenye kugawa jukwaani atavuruga.

Cheti kimoja chenye namba kikiharibika, mfuatano wote unaofuata umehama. Simama hapo hapo. Andika namba iliyoharibika, mpigie mteja aamue kama mhitimu anapewa namba inayofuata au ya mwisho, na umrudishie kile kilichoharibika kikiwa na mstari wa kukikata. Usikichane wala kukitupa. Cheti chenye sahihi na namba kilichookotwa jalalani ni kesi.

Acha vipoe bila kuvibana. Vya wino wa maji vipe saa moja kabla ya kuvirundika.

Umefaulu ukiona: cheti cha kumi kimekaa kama cha kwanza, na namba ya mwisho kwenye rundo inalingana na jina la mwisho kwenye daftari.

## Karatasi zenye kichwa cha ofisi, na kadi za harusi

Karatasi zenye kichwa cha ofisi hazihitaji ukali wote huu, kwa sababu barua haina nukta za kulenga. Pima kichwa kinaishia wapi kutoka juu, ongeza milimita 10, hapo ndipo barua ianze. Kosa la kawaida ni kusahau ukurasa wa pili, ambao huchapwa kwenye karatasi tupu: ukiuachia nafasi ile ile juu, unabaki na shimo lisiloelezeka.

Kadi za mwaliko wa harusi ni ngumu kuliko vyeti, tena kwa mbali. Ni ndogo, ni nzito, mara nyingi zinang'aa, na mstari wa jina ni mfupi mno kwa "Bw. na Bi." ikifuatiwa na majina mawili. Weka ukubwa halisi wa kadi kwenye hati na kwenye mipangilio ya printa pia, usichape kadi ndogo ukiwa umeiambia printa ni A4. Pima kadi za kila pakiti kivyake. Kadi iliyokunjwa ilishe ikiwa imefunuliwa, mkunjo ukielekea upande wa karatasi inavyokwenda, si kukingama. Na ikiwa imebandikwa utepe au ua, andika jina kwa mkono.